Mguno Chini ya Gari la Mkunga

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma, Chiriku aliosha gari la mama yake. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa na miaka kumi na miwili, ndoo mbili na mdomo usiojua kupumzika, ndiyo maana mjomba wake alimpa jina la yule ndege mdogo wa kelele, nalo likamganda hadi shuleni. Alianza na paa, akashuka kwenye vioo, akamalizia na magurudumu, huku akisimulia habari za wiki nzima, awepo msikilizaji au asiwepo.

Gari lenyewe lilikuwa la kijivu, la zamani, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Mama alikuwa mkunga. Kila Jumatatu alipanda nalo milimani kwenye zahanati ndogo. Barabara ya huko ilikuwa ya mawe na utelezi, na gari la kawaida lisingefika hata nusu ya njia. Mama alilipenda gari lile kama watu wanavyompenda punda mzee. Alilisema na kulibembeleza kwa wakati mmoja.

Jumamosi hiyo Chiriku aliosha kimya kimya. Gurudumu la nyuma la kushoto hakuligusa kabisa. Aliliacha na tope lake.

"Mbona leo nyumba imepoa hivi?" mama aliuliza kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Koo linaniwasha kidogo, mama."

Koo halikuwa na neno. Kilichomkaba ni siri.

Mama aliingia garini aende sokoni. Alipokata usukani ili atoke langoni, chini ya gari ulitoka mguno mzito, kama wa mtu aliyebebeshwa mzigo asioutaka. Gari likasita, likashtuka, kisha likatulia. Mama akazima injini.

"Mmesikia?"

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa ameketi kwenye ngazi akinywa chai. "Labda ni tumbo langu, dada. Tangu jana sijashiba."

Mama alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Hakwenda tena sokoni. Aliwapakia wote wawili, akaenda polepole hadi gereji.

Mwenye gereji alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono yenye nguvu, aliyesoma darasa moja na mama. Watu walimwita Fundi Masikio, kwa sababu kabla ya kushika spana aliegemeza bisibisi ndefu kwenye chuma, akaweka sikio lake kwenye mpini na kusikiliza kinachosemwa ndani.

"Shikamoo, Fundi," alisema Chiriku.

"Marahaba, mwanangu. Haya shoga, mgonjwa anaumwa wapi?"

"Anaguna," alijibu mama.

Fundi hakufungua hata boneti. Alishika usukani mwenyewe, akawazungusha uwanjani mara mbili, kisha akatoka nao barabarani, kwanza polepole, halafu kwa kasi. Njiani alikuwa akieleza, maana alipenda kufundisha.

"Beringi ya gurudumu ikichoka, huvuma, na kadiri unavyokimbia ndivyo inavyozidi kuvuma. Jointi ya ekseli ikiliwa, ukikata kona hugonga, ta-ta-ta-ta. Huyu hagongi. Havumi sana. Ila ukikata kona kali anaguna na kujizuia, kama amefungwa kamba miguuni."

Waliporudi aliingia uvunguni. Aliangalia mipira inayofunika jointi, yote ilikuwa mizima. Alitikisa mhimili mrefu unaopeleka nguvu nyuma, haukucheza. Mwisho alifungua nati ndogo, akachovya kidole kwenye oili, akainusa. Alitoka amekunja uso.

"Oili imeanza kunuka moto. Hii ni difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Shoga, itabidi niishushe niifungue. Nipe wiki nzima."

Mama aliketi juu ya tairi kuukuu. "Wiki? Jumatatu nina mama wa mapacha kule juu. Siku zake zimetimia." Akatazama upande wa milima. "Basi nitapanda kwa miguu kuanzia lami inapoishia."

Chiriku aliijua njia ile. Ilikuwa mwendo wa saa tano, na begi la mama lilikuwa zito.

"Hebu fikiri vizuri," Fundi alisema. "Gari haliamki tu asubuhi likaanza kuguna. Kuna kitu kimebadilika wiki hii?"

"Hakuna. Huyu mdogo wangu alilichukua Jumatano kwenda kumleta Chiriku kutoka shule. Basi."

Mjomba aliangalia spana zilizotundikwa ukutani, kana kwamba anazihesabu. Chiriku alimpenda mjomba wake kuliko maneno yanavyoweza kusema. Ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli, na ndiye aliyemtetea alipovunja birika. Jumatano ile walifungana vidole vidogo na kuapa kutosema. Lakini sasa, akilini mwake, alimwona mama kwenye mteremko wa mawe, amejitwika begi, anatembea peke yake.

"Mama," alisema, na sauti ikatoka nyembamba. "Tulipita kwenye daraja linalojengwa."

"Nilikokataza?"

"Mimi ndiye niliyeomba. Nilitaka kuona winchi inavyonyanyua vyuma. Nondo ikachana tairi ubavuni, likawa halizibiki. Mjomba akatafuta tairi lingine la mtumba. Tukalipaka tope ili usilione kuwa ni geni."

Mjomba akaweka mkono begani kwa Chiriku.

"Mtoto aliomba, dada, lakini aliyeshika usukani ni mimi. Na wazo la tope lilikuwa langu. Tairi la spea niliogopa kuligusa, najua unalikagua kila Jumapili."

Fundi alikuwa ameshachuchumaa nyuma ya gari, anafuta tope kwa kitambaa.

"Tazameni namba zake," alisema. "Si saizi moja na wenzake. Ni dogo kidogo tu, lakini ni dogo."

Alichukua chaki, akachora alama chini kabisa ya tairi la mbele na la nyuma, upande ule ule, akawaambia wasukume. Gari likaviringika taratibu. Alama ya tairi la nyuma ilifika sakafuni kwanza. Ya mbele ilipofika, ile ya nyuma ilikuwa imeshapita kwa upana wa vidole vitatu.

"Chukua watu wanne wamebeba kitanda," Fundi alimweleza Chiriku. "Mmoja akiwa na hatua fupi, atalazimika kupiga hatua nyingi zaidi ili aende sawa na wenzake. Hilo tairi dogo linazunguka kuliko mengine, na difu ya kati inahangaika kuwapatanisha siku nzima. Ndiyo hiyo inayoguna. Na mimi nina kosa langu. Nimekimbilia tumbo kabla ya kutazama miguu."

"Imeharibika?" mama aliuliza.

"Imepata homa tu. Mngepanda nayo mlima Jumatatu, ingeungua, na mngelala njiani."

Walifunga spea, ambayo ilikuwa saizi sawa na matairi mengine, Fundi akabadilisha oili. Mama alilizungusha gari uwanjani, kona kali kulia, kona kali kushoto. Hakuna kilichoguna. Njiani kurudi nyumbani mama hakusema neno, na Chiriku aliona heri angegombezwa.

Jumatatu mama alipanda milimani. Alirudi Jumanne jioni, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akawakuta wote wawili wanamsubiri kwenye ngazi. Akaketi katikati yao.

"Wa kike na wa kiume," alisema. "Wazima, na mama yao mzima."

Mjomba alishusha pumzi. Mama akavua viatu, akanyoosha miguu.

"Yule mama aliponiona tu, aliniambia kichwa kinamuuma na macho yanaona ukungu tangu alfajiri. Dada zake walikuwa wamemwambia anyamaze, asionekane dhaifu. Angenyamaza, nisingewahi kumpa dawa ya presha, na leo ningekuwa nawaambia mengine." Alimvuta Chiriku kifuani kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamfinya mjomba sikio, si kwa nguvu. "Wahenga walisema mficha uchi hazai. Fundi ana masikio na mimi nina mikono, lakini tukifichwa ukweli, wote wawili tunapapasa gizani. Mkikosea, niambieni. Nitakasirika, hilo siwafichi. Lakini hasira yangu itapita, na tutakuwa bado na muda wa kutengeneza."

"Na daraja?" mjomba aliuliza kwa unyonge.

"Daraja mtaliona likikamilika, tukipita juu yake sote watatu. Sasa mmoja anichemshie maji ya kuoga, na mwingine anikande miguu."

Wakainuka wote wawili kwa pamoja.