Kikombe Kilichofunikwa

Wakati wa likizo Athieno aliamka mapema, wala si kwa kupenda. Mashine ya kusaga ilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba chake, na mashine haijui likizo ni kitu gani. Alinawa uso, akafagia uani, kisha akabandika maji ya uji jikoni huku akipiga miayo.

Mama yake, Sylvia, alikuwa na kiwanda kidogo cha unga wa uji pale Malaba, upande wa Uganda, karibu na barabara ambayo malori hupanga foleni. Zamani alikuwa mwalimu. Alichoka kufundisha watoto waliosinzia darasani kwa njaa, akaweka chaki chini na kuanza kusaga unga wa wimbi, soya na muhogo kwa ajili ya shule za msingi za Tororo na Busia. Aliwaajiri watu sita, na kila mmoja alimjua kwa jina, kwa watoto wake, na hata kwa maumivu yake ya mgongo.

Kiwanda hicho kilikuwa na desturi moja ambayo Athieno aliiona ni kupoteza wakati. Kabla ya mzigo wowote kusagwa, kibaba kimoja kilisagwa kwanza, kikapikwa uji mtupu, bila sukari wala ukwaju. Wafanyakazi wote waliketi uani, Sylvia mwenyewe akawagawia. Aliyeridhika alikunywa akamaliza. Aliyeona kasoro aliumwaga, akakifunika kikombe chake juu ya mkeka, mdomo chini, na kikombe kimoja tu kikifunikwa, kazi ilisimama, hata kama aliyekifunika aliajiriwa jana. Machoni pa Athieno, watu wazima wale walikuwa kama watoto wa chekechea wanaosubiri kengele.

Alhamisi hiyo Sylvia alikuwa na mkutano wa walimu wakuu mjini Tororo. Alimwachia Ofumbi, fundi wa mashine, kazi ya kusaga, na binti yake akamwachia kazi ya uji. Alimwambia Athieno awaketishe wote kama kawaida, na kikombe kikifunikwa ampigie simu mara moja.

Athieno aliitikia kila neno, lakini akili yake ilikuwa imeshafika Lunyo, kule Busia. Saa sita mchana Okia, dereva wao, angepeleka unga kwa pikapu katika shule moja ya huko, tayari kwa muhula utakaofunguliwa Jumatatu, na mama alikuwa amemruhusu kwenda naye. Rafiki yake Patience alihamia Lunyo muhula uliopita, mama yake alipopata kazi ya kufundisha katika shule hiyohiyo. Walikuwa hawajaonana tangu ahame. Kazi ikisimama, safari imekufa.

Basi Athieno akafanya ujanja. Alitia sukari kwenye sufuria, tena si haba, akakamulia na ukwaju. Badala ya kuwaketisha watu uani, alimpelekea kila mmoja kikombe mahali pake pa kazi. Ofumbi alikunywa akiwa amesimama, akasema uji wa leo ni wa harusi. Wengine nao walikunywa wakacheka. Mambo yalikuwa yakienda kama alivyotaka, mpaka alipofika barazani kwa Mama Alungat.

Mama Alungat alikuwa mchambuzi. Kutwa nzima aliketi na ungo mapajani, akitoa mawe na takataka. Alikuwa mwanamke wa makamo wa kabila la Wateso, mpole, mwenye maneno machache. Alionja uji, akatulia. Kisha akachukua kipande cha muhogo mkavu kutoka gunia jipya, akakitafuna kidogo, akakitema. Taratibu akaumwaga uji, akakifunika kikombe chake sakafuni.

"Hii muhogo haikufunikwa, mtoto wangu," alisema. "Sisi tunaweka chini ya majani siku tatu, nne, mpaka inalainika, ndiyo tunaanika. Hii walianika tu. Ni ile chungu, inaumiza tumbo. Sukari inaficha."

Athieno aliona safari inamponyoka. Aliinama, akakiinua kile kikombe, akakisimamisha.

"Wewe kazi yako ni kutoa mawe," alisema. "Wote wamesema uji ni mzuri. Wewe peke yako ndiye unajua?"

Mama Alungat alimtazama. Alifungua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya ungo na kuondoka kwa mlango wa nyuma. Athieno alijiambia kwamba mama huyo alikuwa na haraka zake tu, ingawa alijua fika kuwa si kweli.

Muda si mrefu Sylvia akapiga simu ya Ofumbi, akaomba kuongea na binti yake. Aliuliza kama vikombe vyote vimesimama.

"Vyote, mama," alisema Athieno.

Kwa neno hilo mashine ikanguruma. Kufikia saa sita unga ulikuwa umefungwa na kupakiwa, na Athieno ameketi mbele kando ya Okia, amevaa gauni lake zuri. Alipaswa kufurahi. Lakini moyo una mambo yake.

Barabarani malori yalikuwa yamefungana, hata hapakuwa na njia ya kupita. Okia alizima injini, akaanza kupiga soga. Alisema yeye mwenyewe hupenda kupeleka unga Lunyo, kwa sababu watoto wa darasa la kwanza hukimbilia gari wakishangilia, na wengine hulamba vidole vyenye unga kabla haujapikwa. Alicheka. Athieno hakucheka. Akilini alimwona Patience akiwa kwenye mstari siku ya Jumatatu, ameshika kikombe chake, na nyuma yake watoto wadogo wengi. Alikumbuka kipande cha muhogo kilivyotemwa. Kwenye mfuko wa gauni kilikuwemo kipande kingine alichokuwa ameokota barazani bila kujua kwa nini. Akakigusisha ulimini. Uchungu ulimpanda mpaka kooni.

"Baba Okia, tusiende," alisema, na machozi yakamtoka. "Niazime simu."

Alimweleza mama yake kila kitu: sukari, ukwaju, vikombe vilivyopelekwa kazini, kikombe kilichofunikwa, na maneno aliyoyasema. Hakupunguza hata moja. Alisubiri akaripiwe.

"Mama Alungat yuko wapi?" Sylvia aliuliza.

Athieno hakulitarajia swali hilo. Alidhani mama angeuliza kwanza juu ya unga, au juu ya shule, au juu ya aibu. Alisema hajui.

"Basi mwambie Okia arudishe gari, mzigo ushushwe, mtu asiuguse. Halafu wewe uende kwa miguu yako ukamtafute. Mimi nakuja."

Nyumba ya Mama Alungat ilikuwa ng'ambo ya reli. Athieno alimkuta akipalilia bustani yake ya kunde. Alipiga magoti pale pale kwenye udongo, na gauni zuri lile likaharibika, wala hakulijali. Alisema amekosa. Alisema alimdharau mtu mzima aliyekuwa akiokoa watoto, na kwamba alidanganya kwa ajili ya safari.

Mama Alungat aliweka jembe chini.

"Mimi sikukasirikia kikombe," alisema. "Nilikasirika kwa sababu pale kwa mama yako, mara ya kwanza katika maisha yangu, mtu ananiuliza mimi naona nini. Leo nikadhani imeisha." Akamshika mkono, akamwinua. "Simama. Twende tuangalie hayo magunia."

Walipofika, Sylvia alikuwa amesharudi. Mama Alungat alipita gunia kwa gunia, akivunja vipande na kunusa. Muhogo wote mpya, ulionunuliwa kwa mchuuzi mgeni baada ya mvua kuchelewesha ule wa wakulima wao, ulikuwa mchungu na haukuchachushwa chini ya majani. Unga uliochanganywa nao ulichimbiwa shimo ukafukiwa, kwa maana muhogo wa namna hiyo huweza kumletea mtu kutapika na kizunguzungu, na mtoto mdogo huumia zaidi. Sylvia alimpigia simu mwalimu mkuu wa Lunyo, akamwambia ukweli bila kuzunguka. Mwalimu huyo alishukuru, akasema watasubiri.

Ijumaa watu wote sita walifanya kazi kwa moyo. Walichambua wimbi na soya, na safari hii muhogo uliachwa kabisa. Athieno alipika uji mtupu, akawaketisha uani, akawaomba msamaha mmoja mmoja. Ofumbi naye alikiri kwamba alipaswa kushangaa utamu ule badala ya kuusifu.

Ndipo Sylvia akasema, na wote wakamsikiliza.

"Hata mimi nina kosa. Nilikupa kazi hii, Athieno, bila kukueleza maana yake. Ulidhani tunaonja unga. Unga tunaonja, ndiyo, lakini tunaketi ili kila mtu hapa ajue kwamba sauti yake ina nafasi. Kiwanda hiki kipo kwa ajili ya watoto. Na watakaowalinda watoto hao ni hawa ulioketi nao. Tukiwadharau, siku moja wataona hatari na kunyamaza. Mheshimu mtu kwa sababu ni mtu, na useme kweli hata inapokuuma. Jana ulichelewa kuisema, lakini uliisema kabla gari halijafika. Kwa hilo nakushukuru."

Athieno alimgeukia Mama Alungat, akasema asante, na mara hii hakuambiwa na mtu aseme.

Jumamosi gari liliondoka tena. Mama Alungat aliketi mbele na Okia, kwa kuwa mwalimu mkuu aliomba kumwona yule aliyesimamisha mzigo. Athieno alipanda nyuma na magunia. Walipofika Lunyo, Patience alikuja mbio, wakakumbatiana hadi wakayumba. Kisha Patience akauliza ni nani yule mama aliyepewa kiti kivulini na kuzungukwa na walimu.

"Huyo," alisema Athieno, "ndiye aliyekuokoa wewe, wakati mimi nilikuwa na haraka ya kukuona."