Kipo Rafuni

Mkutubi alikuwa na haraka. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo jioni, bintiye wa pekee alikuwa akimsubiri nyumbani, na kazi iliyobaki ilikuwa moja tu: kujaribu katalogi mpya ya mtandaoni.

Jaribio lenyewe si kitu. Unaandika kitabu cha uongo, unatazama kama kinaonekana, kisha unakifuta. Wenzake huandika lolote linalowajia. Yeye, kwa mzaha wake, alijiandika mwenyewe. Jina, lake. Mwaka wa kuchapwa, aliozaliwa. Hali: kikuukuu, ila bado kinasomeka. Akacheka peke yake. Mahali akaweka ghala la chini, rafu ya mwisho, kwa kuwa ilikuwa tupu.

Rafu hiyo ilikuwa ya Babu Kadi, mkutubi wa zamani, mwenye kadi ya maktaba namba moja. Alifia humo humo ghalani, mwezi ule makabati yake ya kadi za vitabu yalipotupwa ili kompyuta ziingie. Aliyetia saini yatupwe ni mkutubi huyu wa sasa. Babu Kadi hakugomba. Alimwambia tu, "Mwanangu, usiandike kisichokuwepo. Rafu haikai na pengo."

Asiyesikia la mkuu... wahenga walishamaliza.

Alibonyeza "Futa". Haikufuta.

"Kitabu kinatazamwa na msomaji," skrini ikasema.

Akazima kompyuta, akachukua mkoba. Pale mlangoni kuna lango linalopiga kengele kitabu kikitolewa bila kuazimwa. Alipopita, kengele ikalia.

Mlinzi akapekua mkoba. Mwavuli, miwani, chaja ya simu.

"Huna kitu, Mama. Hebu pita tena."

Akapita. Ikalia.

Mlinzi akamtazama usoni, halafu macho yake yakashuka taratibu hadi sakafuni.

"Nani kaacha kitabu hapa?" akajisemea kwa sauti ya chini. Akatoka, akavuta mlango wa kioo ukajifunga.

Mkutubi alipiga kioo kwa viganja viwili. Aliita mpaka sauti ikakwaruza. Mlinzi alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka mlangoni, anamenya chungwa. Hakugeuka.

Kisha ikaja harufu. Gundi na karatasi mbichi, harufu ya koti la Babu Kadi, ikipanda ngazi za ghala.

Kisha toroli ya vitabu, ile yenye gurudumu bovu.

Kwi... kwi... kwi...

Ghala lilikuwa limefungwa. Ufunguo alikuwa nao yeye.

Hapo aliogopa hasa. Alimwona akilini mwanawe akipasha chakula mara ya pili, mara ya tatu, asijue mama yake yuko wapi. Akampigia simu.

"Fungua katalogi ya maktaba. Tafuta jina langu."

"Mama, umechoka wewe."

"Tafuta."

Akasikia kibodi ikigongwa.

"Mama... upo. Inasema kipo rafuni, ghala la chini. Ni nini hiki?"

"Una kadi ya mwanafunzi. Niazime."

"Nikuazime vipi?"

"Bonyeza, mwanangu."

"Inasema kuna msomaji mwingine anakitazama."

Kwi... Toroli ikasimama. Nyuma yake kabisa. Mtu akavuta pumzi, taratibu, kama mzee aliyemaliza ngazi.

"Nimebonyeza," binti akanong'ona.

Kufuli likaachia. Mkutubi akatoka akipepesuka, lango likiwa kimya. Chungwa likamponyoka mlinzi.

"Mama? Kumbe ulikuwa ndani?"

Kesho yake alijaribu tena kulifuta jina lake. Haikuwezekana, maana kitabu kilichoazimwa hakifutwi mpaka kirudi. Aliomba likizo, akajifungia nyumbani. Binti alilala naye kitanda kimoja, amemshika mkono. Kila alfajiri nywele za mama zilinuka gundi zaidi.

Muda wa kuazima ni siku kumi na nne. Jioni ya kumi na tatu, binti alibonyeza "Ongeza muda". Akasoma jibu, akalisoma tena.

"Kuna nini?" mama akauliza.

"Wamekataa. Msomaji mwingine amekiwekea nafasi." Machozi yalikuwa yanamtoka. "Jina halipo, Mama. Kuna namba ya kadi tu. Kadi namba moja."

"Nirudi lini?"

"Kesho. Kabla ya kufunga."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alipotazama chini, alikuta ameshavaa viatu.