Kinyonga wa Kivinje

Basi lilikuwa limeshaipita Mingoyo, na wanafunzi wa darasa la sita kutoka Mtama wameimba hadi sauti zimekauka, ndipo Mwalimu Valentini aliposimama katikati ya viti.

"Tukifika Kilwa Kivinje tutaona majengo ya Wajerumani," alisema, "kisha tutakwenda Mwembe Kinyonga. Sasa, hapo nisikilizeni vizuri..."

Basi likaruka tuta. Mwalimu akakaa bila kupenda, watoto wakaangua kicheko, na maneno yaliyobaki hayakusemwa tena.

"Mmesikia?" Ignasi aliwanong'oneza wenzake. "Kinyonga mpaka ana mwembe wake! Huyo si wa mchezo."

Restuta alitabasamu tu. Mkono wake ulikuwa juu ya mfuko wa sketi, kwenye simu ya baba yake. Alipewa apige picha za safari, airudishe nzima. "Watu wa pwani wana maneno matamu," baba alimwonya. "Fungua macho." Baba mwenyewe hajawahi kufika Kivinje.

Basi Restuta akafungua macho, na macho yakifunguliwa namna hiyo huona mabaya kila mahali. Walipofika Kivinje, Mwalimu alikwenda kuulizia chakula cha mchana, akawatanguliza watoto kwenye mnara wa Mwembe Kinyonga, ambao haukuwa mbali. Restuta, Ignasi na Flora wakashika mbele. Sokoni wakamkuta mzee anakwangua samaki magamba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wajukuu zangu."

"Eti kinyonga wenu yuko wapi?" Ignasi aliuliza, huku wenzake wakijiziba midomo.

Uso wa mzee ukabadilika. Akaonyesha njia kwa kidevu, akarudi kwenye samaki wake. Kijana aliyekuwa karibu naye akawauliza, "Mnacheka nini?"

"Wanaficha kitu hawa," Restuta alisema walipokwisha kupita.

"Labda kinyonga mwenyewe ni wa uganga," alisema Flora.

Hapo ndipo Restuta alipomwona mama mmoja aliyejitanda kanga, anawafuata. Wakisimama, anasimama. Wakienda, anakwenda.

"Anataka simu yangu, huyo," Restuta alisema, akakaza mwendo.

Walipofika, hapakuwa na mwembe wala kinyonga. Palikuwa na mnara tu. "Basi wewe ndiye kinyonga!" Ignasi akamtania. Restuta akampa simu ampige picha, akapanda ngazi ya mnara. Akatoa ulimi, akazungusha macho, akaanza kunyata huku akiyumba mbele na nyuma. Watoto walicheka hadi wakashika mbavu.

Mara kicheko kikakatika. Restuta akageuka. Simu ilikuwa mkononi mwa yule mama.

"Mwizi!" akapiga kelele. "Mwizi wa simu!"

Neno hilo halitoki mdomoni likarudi. Vijana wa bodaboda wakaacha pikipiki zao wakaja mbio. Mmoja, mgeni mjini hapo, alishika fimbo. Mama alisimama ameinyoosha simu mbele yake.

Restuta akamtazama Ignasi. Ignasi alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Ulimpa wewe?"

"Aliniomba vizuri. Nikampa."

"Mbona hukusema?"

"Ungeniuliza! Wewe umepiga kelele tu."

Fimbo ilikuwa imeinuliwa. Restuta angeweza kunyamaza, lawama imwangukie Ignasi, au imwangukie mama. Akaruka chini, akasimama mbele ya yule mama.

"Msimpige! Hakuiba. Nimemsingizia mimi."

"Bi Mwahija aibe?" alisema dereva mwingine. "Wewe mtoto, ungetutia damu mikononi."

Fimbo ikashuka. Bi Mwahija akarudisha simu, akakaa kwenye ngazi.

"Mwanangu," alisema, "mnatafuta kinyonga gani?"

"Yule wa kwenye mwembe, mama. Anayebadili rangi."

"Kumbe! Hapa kinyonga ni kunyonga. Kwa kitanzi. Mwembe ulisimama hapa, Wajerumani wakawanyonga watu wa Majimaji. Babu yake mama yangu alikuwa mmoja wao. Nimeacha samaki wangu wa kukaanga sokoni nikawafuata, natafuta namna ya kuwaambia bila kuwaaibisha. Nilipoona ulimi nje, nikashindwa kuvumilia picha hiyo."

Restuta alilia. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ifute."

Picha ikafutwa palepale. Mwalimu Valentini alifika akitweta, akaelezwa yote. Akampa Bi Mwahija pole na kuomba radhi, kisha akawageukia wanafunzi.

"Kosa la kwanza ni langu. Nilianza jambo zito sikulimaliza. Lakini ninyi pia, mji wa watu mkiona wenyewe hawacheki, ulizeni kwa adabu, msibuni. Restuta alidhani kafuatwa na mwizi, kumbe kafuatwa na mwenye msiba. Na kumwita mtu mwizi bila hakika ni kumweka penye kuuawa. Umesema kweli kwa kuchelewa, Restuta, lakini umeisema."

Wakasogea karibu na mnara. Bi Mwahija aliwaombea marehemu dua, na wanafunzi waliokuwa Wakristo wakainamisha vichwa.

Bi Mwahija bado anauza samaki wa kukaanga Kivinje. Yule kijana wa fimbo alimwomba radhi siku hiyohiyo, na siku hizi ni mteja wake. Ignasi alihamia Lindi kwa shangazi yake. Flora anasoma sekondari. Mwalimu Valentini alihamishiwa Mitole. Kila mwaka huwapeleka wanafunzi Kivinje, na habari ya mwembe huwaeleza yote kabla basi halijaondoka. Restuta aliishia darasa la saba, anashona nguo Mtama.