Nafasi Upande wa Dorca

Hebu nikuulize: mtu akikutengenezea kitu, nawe moyoni unaombea kazi isiishe, hiyo utaiita nini? Dorca hakujua aiiteje. Alijua tu kwamba siku kompyuta yake itakapopona, Dishon hatakuwa tena na sababu ya kuja.

Walikutana Jumamosi, kwenye duka la vifaa vya kompyuta pale Oginga Odinga Street, siku ambayo watu husukumana mpaka mlangoni. Dorca alivaa gauni la kitenge cha kijani, mabega yamefura vizuri, na kilemba cha kitambaa hichohicho. Alikuwa anamweleza muuzaji kwamba kompyuta yake ya nyumbani inakataa kuweka kitu kipya, inasema imejaa. Kazi yake ni kutengeneza vijitabu vya arusi na vya mazishi, picha juu ya picha, na wateja wa aina hiyo hawangoji.

"Nunua diski mpya, mama," muuzaji akasema.

"Usinunue kwanza," sauti ikatoka nyuma yake. Alikuwa mwanaume mrefu, shati la mistari limepigwa pasi likakubali, viatu vina matope makavu. "Hiyo diski imegawanywa sehemu ngapi?"

"Mbili. Moja yangu, moja ya ndugu yangu Odongo. Alikuwa amejaza filamu, akaenda kufanya kazi Eldoret, akazifuta. Sasa upande wake uko tupu."

"Basi hiyo ni nyumba ya vyumba viwili. Chako vitanda vimefika mlangoni, cha Odongo analala paka. Unasogeza ukuta tu."

"Kumbe wewe ni fundi wa kuta?"

"Mimi ni mwalimu wa kompyuta huko Ahero. Kuta za ndani ya diski naziweza. Za nyumba zitaniangukia."

"Omera, ndugu yangu, unanifukuzia mteja," muuzaji akalalamika, lakini Dorca alikuwa ameshacheka, na namba ya simu ilikuwa imeshatolewa.

Jumapili Dishon alifika kwa Dorca, Manyatta. Alisema hawezi kugusa ukuta kabla ya kunakili kila kitu mahali pengine, maana stima ikipotea katikati, picha za watu zinaweza kupotea nayo. Wakaanza kunakili. Stima ikapotea.

"Pole," Dorca akasema, na uso wake haukuwa na pole yoyote.

"Itabidi nirudi Jumapili ijayo, jaber."

"Jaber ni nani hapa?"

"Mimi naona mrembo mmoja tu. Labda kuna mwingine jikoni."

Jumapili iliyofuata ikawa chai na mandazi, na maharusi wa vijitabuni wakichambuliwa mmoja mmoja, nani alikunja uso na nani alivaa viatu vya kuazima. Wakamaliza kunakili. Ukuta wenyewe ndio haukusogea, maana stima ilipotea tena, na mwishowe Dishon akalibeba sanduku la kompyuta mpaka shuleni kwake, ambako kuna jenereta.

"Limefika salama," akapiga simu. "Nimelipakata njia nzima kama mtoto wa watu."

"Ukilidondosha utanijua, mwalimu."

"Nyar Nyakach, mimi nataka kukujua bila kudondosha kitu."

Binti huyo wa Nyakach alikata simu akicheka peke yake.

Jumatano akamwandikia: "Umefika wapi na ile diski?" Kimya. Mvua kubwa ilikuwa imeshuka Ahero, mtandao umepotea. Dorca akakaa na simu mapajani, akapata ujasiri ambao hata yeye hakuujua. Akaandika tena: "Hata kazi ikiisha, kuna nafasi yangu kwako?" Kidole kilituma kabla kichwa hakijakubali.

Sasa sikiliza kilichotokea. Dishon alikuwa amepata ule ujumbe wa kwanza, wa pili bado. Alikuwa ameupunguza upande wa Odongo, nafasi ikapatikana, lakini ikatokea huko mwisho, nyuma ya Odongo. Upande wa Dorca haukuweza kuivuta, kwa sababu Odongo alisimama katikati. Basi akajibu alichoulizwa: "Nafasi iko, lakini si upande wako. Imeenda upande mwingine."

Mtandao uliporudi, jibu hilo likaangukia chini kabisa ya swali la pili.

Dorca alilisoma akiwa jikoni, omena wakiungua kwenye sufuria. Akazima jiko, akazima na simu. Kesho yake akaenda kwa mama yake, Pap Onditi.

Dishon alipolipata lile swali na kuona limekaa juu ya jibu lake, alipiga simu papo hapo, haipatikani. Akaenda Manyatta, na Emmaculate, jirani wa Dorca, akamwambia: "Ameenda kwao. Na macho hayakuwa mazuri, mwalimu."

Alimkuta sokoni Pap Onditi, amekaa karibu na mama yake nyuma ya mafungu ya maharagwe na ndengu yaliyopangwa juu ya gunia.

"Hujambo, mwalimu," Dorca akasema, kama anayemsalimu mteja.

"Dorca, nipe dakika moja. Tazama." Akachutama palepale vumbini. "Haya maharagwe ni wewe. Hizi ndengu ni Odongo. Nafasi nimeipata huku, nyuma ya ndengu. Wewe utaifikia vipi?"

"Bwana, usinichanganyie vitu," mama akaonya.

"Sichanganyi, mama. Nasogeza." Akazisukuma ndengu mpaka mwisho wa gunia, taratibu, bila kumwaga hata punje, na pengo likabaki karibu na maharagwe. "Hivi ndivyo nilivyofanya jana. Sasa iko upande wako. Lile swali lingine lilikuwa halijanifikia nilipoandika."

Dorca aliligusa lile pengo kwa kidole. Akasema polepole, "Kwa hiyo ulikuwa unanijibu kuhusu diski."

"Diski tu."

Mama akamsukumia sahani ya viazi vitamu. "Kula, umetoka mbali."

Dishon akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka chini, macho chini. Njaa ilionekana mpaka shingoni.

"Mbona huli?"

"Siwezi kula mbele yako, mama."

Mama akafunika mdomo kwa ncha ya leso, akainuka haraka kama msichana, akaenda kwa jirani kutafuta chenji ambayo hakuihitaji.

"Umemfanyia nini mama?" Dorca akauliza. "Viazi unavipenda. Kula."

"Mkwe hali mbele ya mama mkwe. Unajua hiyo desturi."

"Mkwe wa nani? Mimi sijasikia mtu akisema kitu. Wewe kazi yako ni kuzunguka tu, mara ukuta, mara ndengu."

Dishon akafuta mikono kwenye suruali yake safi, akamtazama usoni.

"Dorca," akasema, "nataka kukuoa."