Kisu cha Mkono wa Kushoto

Kila asubuhi, kabla basi la shule halijafika, mimi na Babu tulilisha ng'ombe. Kwetu Montana majira ya baridi hayana mzaha, na ng'ombe hawajui kama leo ni Jumatatu au Krismasi. Babu alishusha marobota ya nyasi kavu kutoka kwenye pikapu, akatoa kisu mfukoni, akakata kamba, akakifunga na kukirudisha. Mimi nilisimama mikono mfukoni nikingoja kuokota kamba, maana ng'ombe akimeza kamba ni balaa. Nilichoka kungoja. Nilitaka kukata mwenyewe.

Nyumbani kwetu mtoto akitimiza miaka kumi na miwili huenda dukani kujichagulia kisu cha kukunja, chenye komeo la kuzuia bapa lisijikunje na kukukata vidole. Mkubwa hakuchagulii. Lakini kuna sharti: kikikukata kabla theluji haijayeyuka, kinafungiwa kwenye droo ya jikoni mwaka mzima. Cha binamu yangu Odell kiliwahi kufungiwa humo, akawa anakwenda kukichungulia kila jioni kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Jumamosi baada ya siku yangu ya kuzaliwa, Babu alitupeleka mjini mimi na Odell. Yeye alibaki nje akipakia chumvi ya ng'ombe, sisi tukaingia kwenye duka la vifaa la Bi Verna. Bi Verna alipanga visu vitatu juu ya kitambaa.

"Haya, Signe, unataka kisu cha kazi gani?"

"Kukata kamba za marobota."

"Basi hiki kidogo kinakutosha." Kilikuwa na mpini wa mti, na bapa lisilozidi urefu wa kidole changu. "Komeo lake liko mgongoni. Mkono wowote unalibonyeza."

Odell akaguna. "Hicho ni cha kumenyea tufaha, Bi Verna. Mtunzie bibi yake."

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nikachukua kile kikubwa cheusi, ndugu yake kabisa na kisu cha Odell.

"Hicho komeo lake limo ndani ya mpini," Bi Verna akasema. "Linasukumwa kwa dole gumba la mkono wa kulia. Wewe unatumia mkono gani?"

Mimi natumia wa kushoto tangu nizaliwe. Odell hunitania kwamba nakoroga uji kinyumenyume, na alikuwa pale pale ameshaanza kutabasamu.

"Wowote," nikajibu. "Kwangu yote ni sawa."

Bi Verna akanitazama kidogo, kisha akakifunga kwenye karatasi.

Kwa wiki mbili nilikata kamba kwa mkono wa kulia, polepole, huku nikijitia mzoefu. Babu aliuliza mara moja tu, "Mbona leo mkono huo?" Nikamwambia nimeuzoea. Kabla ya kupanda basi nilikitundika kisu nyuma ya mlango, kwa kuwa shuleni hakiendi, nikaondoka nikijiona mtu mzima.

Asubuhi moja ya baridi kali nikamwona ndama amenaswa mguu na kamba. Alikuwa akirukaruka, kamba inazidi kumkaza. Sikufikiri. Nilivua glavu, nikachomoa kisu kwa mkono wangu wa siku zote, nikakata, ndama akakimbilia kwa mama yake. Ikabaki kukifunga. Kulifikia lile komeo kwa mkono wa kushoto ilinibidi niingize kidole ndani, mahali bapa linapolalia. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Komeo likaachia, bapa likajikunja juu ya kidole changu.

Damu ikadondoka kwenye theluji. Babu alikuwa upande wa pili wa pikapu.

"Kuna nini huko?"

Uzio wa waya ulikuwa hatua tatu tu kutoka nilipo. Neno "waya" lilinifika ulimini kabisa. Niliiona ile droo, nikaiona sura ya Odell, na mwaka mzima wa kusimama mikono mfukoni. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya Bi Verna, nimemdanganya na Babu, na matunda yake ndiyo hayo yanadondoka.

"Ni kisu, Babu," nikasema. Nikaanza kulia, na mengine yote yakatoka, dukani, Odell, mkono, hata uongo wa waya niliokaribia kuusema.

Babu hakufoka. Alikibana kidole kwa kitambaa safi mpaka damu ikakata, akanipeleka ndani, akakiosha kwa maji na sabuni, akakifunga.

"Ungesema waya," akasema, "ningekifungia hicho kisu mpaka uolewe."

"Ungejuaje?"

"Waya hukwaruza, bibie. Huu ni mkato wa kisu. Nimeiona mingi, ukiwemo wa Odell. Yeye alisema ni mlango wa gari."

Nikacheka huku machozi yananitoka.

Jumamosi tulirudi kwa Bi Verna. Nilimweleza mwenyewe, mbele ya Babu. Akanibadilishia kisu, akanipa kile kidogo chenye komeo mgongoni. "Na mimi siku ile ulipoingia dukani nilikuona ukivua glavu ya kushoto kwanza," akasema. "Nilipaswa kukuuliza tena."

Ndani ya pikapu Babu hakuliwasha gari mara moja. "Sikia, Signe. Mwaka wa droo si wa kila anayejikata, ni adhabu ya mzembe anayeficha. Wewe umesema, kwa hiyo utangoja kidole kipone tu. Lakini kumbuka hili. Kisu unakichagulia mkono wako na kazi yako, si macho ya Odell. Odell hatakuwepo vidole vikiganda. Na mtu akikuuliza swali ili akusaidie, mwambie kweli, hata kama kuna mtu anacheka pembeni."

"Ndiyo, Babu."

Kidole kilipopona, asubuhi ilikuwa ya baridi kama nyingine zote. Babu alishusha robota la kwanza. Nikasubiri atoe kisu chake. Hakukitoa. Alisogea pembeni, akaingiza mikono yake mfukoni, akasimama.

"Kata basi," akasema. "Ng'ombe wana njaa."

Nikakata, kwa mkono wa kushoto.