Ukuta wa Fundi Aliye Hai

Mdudu alipanda ukuta kwa miguu yake sita, akatulia chini ya dirisha, akabandika sikio. "Mdudu" ndivyo watu wa Majengo walivyomwita. Jina lake la kiofisi ni kisomakuta, mashine ya ukubwa wa sinia inayotuma sauti ndani ya udongo na kusikiliza inavyorudi, kama daktari anavyogonga mgongo wa mgonjwa. Nyumba za Majengo hukandikwa upya kila mwaka kabla ya Ramadhani, na kila mkandiko unaacha tabaka lake. Mdudu anahesabu matabaka. Hadanganyiki.

"Matabaka mia moja na manne," alisema. "Nyumba ya mwaka elfu moja mia tisa tisini na mbili."

Majirani wakashangilia kama timu yao imefunga.

"Mia na nne!" Bi Mwantumu alipiga kofi barazani. "Wale wa nyumba ya kona wana themanini tu, na maringo yote yale. Wakajifiche!"

Majengo ndivyo walivyo. Muulize mtu umri wake atapunguza, muulize umri wa nyumba yake ataongeza.

Mwana wa Bi Mwantumu, Mbelwa, alikuwa uani anakanyaga udongo. Anajenga chumba. Harusi yake na Zahabu ni baada ya Idd, na kwao hilo halina mjadala: kijana akioa, nyumba inaongezwa chumba. Hakuna chumba, hakuna mke. Kuta zilishamfika mabegani.

Mbelwa ndiye fundi wa mwisho wa kukandika. Mji mzima una mashine za kumimina zege, lakini Majengo bado wanamwita yeye, na mkono wake unajulikana. Kidole chake cha mwisho cha mkono wa kulia kiliondoka na panga utotoni, kwa hiyo akisawazisha udongo anaacha mistari mitatu badala ya minne. Na ndiye aliyemfundisha Mdudu. Miezi mitatu alivaa glavu ya hisia, kitambaa chembamba kinachonakili kila mkunjo wa kiganja, akakandika huku mashine ikijifunza.

Aliyemletea glavu ni Hoza. Hoza ni mhandisi wa Mamlaka ya Ukale, lakini hapo nyumbani ni mtoto wa nyumbani. Mama yake alifariki akiwa na miaka mitano, Bi Mwantumu akamchukua, akalala kitanda kimoja na Mbelwa mpaka walipoota ndevu.

"Hii mashine isije ikatuingiza kwenye hifadhi yenu ya nyumba za kale," Mbelwa alimwambia siku ile ya glavu.

"Hifadhi inaishia Barabara ya Sita, kaka. Sisi tuko ya Kumi."

"Na mkiipanua?"

"Haipanuki kuja huku. Sheria inasema ukuta uliopigwa na fundi aliye hai si ukale. Na wewe umepiga Majengo nzima. Ukiwa hai wewe, sisi wote salama."

"Basi nisife!"

Walicheka sana.

Wiki mbili baada ya hesabu ile, asubuhi watu wanakunywa chai, wakaja wadudu arobaini. Walishuka Barabara ya Saba, ya Nane, ya Tisa, wakipulizia gamba. Gamba ni dawa nyeupe kama maji ya mchele, ikikauka inakuwa wazi na ngumu kuliko kioo. Ukuta ukishavishwa gamba, hupigi msumari, huongezi tofali, hukandiki. Unabaki hivyo hivyo miaka elfu.

Walipofika ya Kumi, wawili wakapita moja kwa moja mpaka uani.

"Nyongeza," alisema mmoja mbele ya chumba cha Mbelwa.

"Nyongeza nini? Hiki chumba changu! We, toka!" Mbelwa alikamata jembe, akapiga. Jembe likaruka likarudi.

Wakakimwagia maji yao. Saa moja tu, kuta zilizomfika mabegani zikawa tope, na fito zikafungwa vizuri pembeni kama kuni za kuuza. Mjomba wa Zahabu alikuja kuchungulia. Akatazama tope, akatazama nyumba, akaondoka bila kuaga.

Kisha Mdudu, yule yule aliyefundishwa na Mbelwa, akakandika pale chumba kilipong'olewa. Alikandika taratibu, kiwiko juu, akimaliza kwa kuvuta kushoto. Mistari mitatu. Mbelwa akaona mkono wake mwenyewe unamfungia mlango.

Akaugusa ukuta.

"Tafadhali usiguse," alisema Mdudu. "Ukuta huu unalindwa."

"Nimeupiga mimi!"

"Fundi wa ukuta huu ni marehemu."

"Marehemu nani?"

"Mbelwa Shemdoe. Alifariki mwaka jana."

Hoza alifika mchana, kitambulisho shingoni. Mbelwa alikuwa amekaa juu ya fito.

"Kaka, nisikilize kwanza."

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Walikuwa wanabomoa. Majengo yote ilikuwa iwe kituo cha treni za angani. Ilibaki njia moja tu, hifadhi ifike huku. Na wewe ukiwa hai haifiki. Ni kwenye mfumo tu, Mbelwa. Nyumba imepona!"

"Na mimi nioe wapi? Kwenye mfumo?"

"Nilitaka nikwambie."

"Ulikula hapa Ijumaa. Ulikula wali wa mama hapo ulipo, ukaniuliza harusi lini."

Hoza aligeuka, akamwona Bi Mwantumu mlangoni, akainama kama alivyoinama toka mdogo.

"Shikamoo, mama."

Bi Mwantumu alimtazama. Hajawahi kuinyima marahaba shikamoo ya mtu, hata ya mlevi. Ile ya Hoza ikabaki hewani mpaka majirani wakaanza kutazama chini.

"Mama, shikamoo."

"Umeandika nina mtoto amekufa," alisema Bi Mwantumu. "Ni kweli, ninaye. Ila umekosea jina. Rudi ukaandike vizuri."

Akaingia ndani, akafunga mlango.