Gololi Yenye Vuguvugu

Dhahabu aliingia ofisini kabla ya wenzake, akafungua mapazia, akakaa kitini na kuweka mkono wake juu ya mausi ya kompyuta, ile yenye gololi ubavuni. Kidole gumba kilipoigusa gololi, aliuondoa mkono haraka. Gololi ilikuwa na vuguvugu, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Lakini kompyuta ilikuwa imezimwa tangu jana yake, na mlango ameufungua yeye mwenyewe kwa ufunguo uliokuwa bado mkononi.

Akajiambia ni jua. Kisha akakumbuka kuwa dirisha lile latazama magharibi, na jua halifiki mezani pale mpaka alasiri.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na tano. Kampuni ilikuwa na vyumba viwili tu, orofani juu ya duka la vipuri vya malori huko Changamwe, karibu na matangi ya mafuta, na kazi yake ilikuwa kuandaa hati za mizigo inayotoka bandarini. Hati zote zilipitia kwa Dhahabu. Alikuwa amepiga taipraita miaka tisa, kisha kompyuta miaka miwili, na hiyo kompyuta ndiyo iliyommaliza. Ilikuja na mausi ya kawaida, ya kusukumwa huku na huko mezani kutwa nzima. Maumivu yalianzia kwenye kifundo cha mkono wa kulia, yakapanda hadi begani. Ikafika siku hawezi kukuna nazi, wala kufunga kanga ya mtoto, na kikombe cha chai akikishika kwa mikono miwili kama mgonjwa. Daktari alimwambia aupumzishe mkono miezi mitatu. Dhahabu alirudi nyumbani Chaani asiseme neno, maana kiwanda alichofanya kazi mumewe, Matano, kilikuwa kimefungwa, na mshahara ndani ya nyumba ulibaki wake peke yake.

Mwenye kampuni, Phineas, alikuwa mtu wa bara, mpole. Alimwona siku moja akiandika huku machozi yanamtoka, na juma lilelile akamletea mausi ya namna nyingine, aliyoipata kwenye vifaa vya ofisi fulani iliyovunjwa. Hii haikusukumwa. Ilikaa mahali pamoja kama kobe, na ubavuni ilikuwa na gololi nyeusi kubwa kama ndimu. Mkono unatulia juu yake, kifundo kimenyooka, na kidole gumba peke yake ndicho kinachozungusha gololi na kuutembeza mshale kwenye skrini. Phineas alimshushia kiti, akamwonyesha jinsi ya kulaza mkono mezani bila kujikaza, kisha akamwachia.

Dhahabu aliulaza mkono, akashusha pumzi. Akasema peke yake, kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka, "Atakayenibebea maumivu haya, nimempa."

Gololi ikazunguka kidogo chini ya kidole chake. Alidhani ameigusa. Jioni ile alipanda kitandani mkono hauumi, na asubuhi yake ndipo alipokuta lile vuguvugu.

Miezi miwili ilipita kwa raha. Alifanya kazi ya watu watatu. Alikuna nazi, akasukuma chapati, akambeba mwanawe Kafedha, mtoto wa miezi minane, kwa mkono uleule. Mama mkwe wake, Mama Mwanatatu, aliyekaa na mtoto mchana, alimwambia jirani kwamba mkaza mwanawe amerudia ujana. Dhahabu alicheka, akamshukuru Mungu, akamshukuru na Phineas.

Kisha ikaja harufu. Changamwe kuna harufu ya mafuta siku zote, mtu huizoea asiisikie tena. Hii ilikuwa nyingine, ya udi uliomwagiwa maji, na ilitoka mezani kwake. Nduku, karani mwenzake, aliuliza ni manukato gani hayo anayojipaka. Dhahabu aliinua mausi, akaichomoa gololi ili asafishe ndani, kwa kuwa vumbi lilikuwa likijikusanya humo. Alikuta nywele. Zilikuwa ndefu, zimetiwa hina, zimejisokota kwenye vigurudumu vidogo, na zilikuwa mbichi kwa maji. Phineas alikuwa na upara, Nduku alinyoa karibu na ngozi, na nywele za Dhahabu zilikuwa nyeusi na hazikutoka nje ya mtandio. Alizitupa. Siku ya pili akazikuta tena.

Juma lile, saa saba mchana, Nduku alirudi kutoka kula mapema. Dhahabu alikuwa bado yuko ngazini, nyuma yake. Akamkuta Nduku amesimama mlangoni, hataki kuingia.

"Umeacha mtu ndani?" Nduku alimnong'oneza.

Hapakuwa na mtu. Palikuwa na sauti tu, krr, krr, kama ya mtu anayesaga meno usingizini, nayo ilikuwa sauti ya gololi ikizunguka yenyewe, na kwenye skrini mshale ulikuwa ukienda mduara, taratibu, mduara juu ya mduara, bila kutoka nje ya mstari wake, na walipokanyaga ubao wa kwanza wa sakafu ukasimama, ukageuka, ukaja hadi pembe ya skrini iliyokuwa karibu nao, ukatulia hapo kama unaowatazama.

Dhahabu hakuigusa tena. Alimwomba Phineas amrudishie mausi yake ya zamani, akasingizia kuwa amekosa kuizoea ile nyingine, na Phineas akaifungia kabatini. Dhahabu alitazamia maumivu yarudi. Alifanya kazi kutwa kwa mausi ya kusukuma, na mkono wake haukuuma hata chembe. Hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Na jioni, akiwa amekaa na mumewe wakinywa chai, Matano alimwuliza kwa nini anafanya vile kwa kidole. Akatazama. Kidole gumba kilikuwa kinazunguka juu ya goti lake, taratibu, mduara juu ya mduara, naye hakuwa na habari.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, alijilaza mkekani kando ya mwanawe. Usingizi ukamchukua kidogo. Kilichomwamsha ni sauti ya mama mkwe wake, ya chini sana, kama ya mtu anayeogopa kumshtua nyoka.

"Dhahabu. Wamfanya nini mtoto?"

Alifungua macho akaona mkono wake wa kulia umefunika uso wa Kafedha, kiganja kimetulia shavuni, kifundo kimenyooka, na kidole gumba kiko juu ya jicho la mtoto, juu ya kope iliyofumbwa, kinalizungusha jicho lile ndani ya tundu lake, kwa ustadi, bila haraka, kulia na kushoto, kama kinachotafuta kitu mwisho wa skrini, na mtoto hakulia, alikuwa ameachama tu, na Dhahabu alipotaka kuuondoa mkono ule haukumsikia, aliuvuta kwa bega, kwa kiwiliwili chote, haukumsikia, mpaka Mama Mwanatatu alipoushika kwa mikono yake miwili na kuubandua kidole baada ya kidole.

Jicho la mtoto lilikuwa jekundu kama nyama. Ndipo alipolia.

Mama Mwanatatu hakumlaumu mtu. Alimwambia Matano kuwa huko Mtongwe kuna mwanamke aitwaye Bi Nyamvula, ajuaye kusema na majini, na wasingoje daktari wala Jumatatu. Yeye alibaki na mtoto. Asubuhi ya Jumapili Matano aliufunga mkono wa mkewe kiunoni kwa leso, wakavuka feri hadi Likoni, wakashika njia ya Mtongwe, na njia nzima leso ile ilikuwa ikicheza, kama kwamba chini yake pamefungwa kifaranga.

Walimkuta Bi Nyamvula anapukuchua kunde. Wakamwamkia, akawaitikia marahaba, akamalizia kunde zake kwanza. Hakuuliza ugonjwa, aliitazama leso tu. Kisha akawasha ubani kwenye chetezo, akamwaga unga juu ya sinia, akausawazisha, akamwambia Matano aufungue mkono.

Mkono ulikwenda kwenye unga wenyewe.

Bi Nyamvula alimwuliza aliyemo mkononi, bila kumtazama Dhahabu usoni, ana kazi gani na binti huyu. Kidole kikaandika kwa mwandiko mzuri, wa kale, ambao haukuwa wa Dhahabu: NIMEMBEBEA. Akauliza amembebea nini. Kidole kikaandika: MAUMIVU. Akauliza nani amemtuma. Kikaandika: ALINIPA.

"Na sasa wataka nini?"

Safari hii kidole hakikuandika. Kilichora miduara miwili midogo, mmoja kando ya mwenzake, kikaanza kuichimba, huu kisha huu, krr, krr, mpaka unga ukaisha na bati la sinia likawa linalia. Matano alielewa. Akageuza uso ukutani.

Bi Nyamvula alimwuliza Dhahabu alimpa kwa maneno gani. Dhahabu akayakumbuka maneno yake, akayasema kwa aibu.

"Basi hakuiba, mwanangu," alisema Bi Nyamvula. "Nikimfukuza hivi hivi atarudi, na atakuwa na haki. Maadamu amebeba chako, atataka chako kingine. Huna budi kumtaka akurudishie."

"Maumivu?"

"Yote. Na ya siku zote alizokubebea, kwa pamoja. Sikufichi, mkono huo huenda usifanye kazi tena."

Dhahabu aliwaza kodi ya nyumba. Aliwaza hati zinazomngoja mezani, na Matano anayerudi kila jioni kutoka kutafuta kibarua, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa na raha mkononi mwake, raha ambayo hakuwahi kuipata tangu usichana, na mbele yake palikuwa na ile miduara miwili ndani ya sinia. Akasema, "Nirudishie maumivu yangu."

Mkono ukamshika kifundo cha mkono wa kushoto, si kwa nguvu, kama rafiki anayekusihi usiondoke.

Akasema mara ya pili, na harufu ya udi ulioloa ikajaa chumba kizima hata moshi wa ubani usisikike, na kitu kama nywele mbichi kikampita shingoni polepole, kikatafuta sikio lake, na akahisi pumzi baridi ikingoja abadilishe neno, na akajua wazi kabisa kwamba akinyamaza tu, akinyamaza kidogo tu, hatasikia uchungu tena maisha yake yote, wa mkono wala wa moyo, hata wa mtoto, na hilo la mtoto ndilo lililomfungua kinywa, akasema mara ya tatu, kwa sauti, na maumivu ya siku sitini na tano yakaingia kwa mara moja kupitia kidole gumba, yakapanda kiwiko, yakapanda bega, akaanguka juu ya sinia akapiga kelele ambazo Matano hajawahi kumsimulia mtu.

Alipozinduka, mlango ulikuwa wazi na chumba kinanuka ubani peke yake.

Jicho la Kafedha lilipona baada ya siku tisa. Matano alikwenda Changamwe, akamweleza Phineas alichoweza kumweleza, akapewa ile mausi. Akaiponda kwa nyundo. Ndani palikuwa na plastiki na vumbi. Vidole viwili vya Dhahabu havikukunjika tena, na kupiga chapa hakuweza, lakini Phineas hakumwacha. Alimweka mbele, kupokea wateja na simu, naye Dhahabu akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Matano naye alipata kazi ya ulinzi wa mchana kwenye ghala.

Wakiwa kwenye feri siku ile ya kurudi, mkono umefungwa shingoni, Dhahabu alimwambia mumewe neno moja, naye hakumwuliza sababu.

"Siku nikikwambia hauumi, usizungumze na mimi. Mtoe mtoto nje kwanza."

Tangu hapo Kafedha hulala upande wa Matano, karibu na mlango. Kila alfajiri, kabla ya kusema lolote, Dhahabu huukunja mkono wa kulia kadiri unavyokunjika, na Matano, macho ameyafumba, mkono juu ya mtoto, hungoja amsikie akivuta pumzi kwa uchungu. Akishamsikia, huinuka akaenda kuwasha jiko.